Mstari wa Usiguse

Nyinyi vijana mnaoandika programu za biashara hapa Babati, shikamoo zenu nazipokea, marahaba, ila hilo jina la "mtaalamu" nawaomba mlirudishe mlikolitoa. Juzi tu pale Bagara, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, mmoja wenu alinitambulisha kwa mwenzake: "Huyu ndiye Mama Tumaini. Programu zake hazijawahi kuharibika!" Mwenzake akanishika mkono kwa mikono miwili, kichwa chini, kama anamsalimia askofu. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Ni kweli hazikuharibika, na ubaya wake ni huohuo. Kitu kikiharibika watu wanakifungua wakaangalia ndani.

Kaeni basi niwaeleze, maana siku hizi sina mteja wa kumkimbilia. Nina maharage yangu, kuku, na mgongo unaouma kwa sababu ya viti vibovu vya ofisi.

Nilianza kazi hii Arusha, kwenye shirika moja la umma, nywele zangu zikiwa nyeusi zote. Babati ilipoanza kuchangamka nikahamia huku, nikafungua ofisi ya chumba kimoja karibu na stendi. Meza mbili, feni, na kalenda ya kanisa. Nikawaandikia programu watu wa maduka ya jumla, watu wa maghala, na Mzee Amsi mwenye kiwanda cha kukamua alizeti kule Bonga. Zilikuwa herufi za kijani kwenye kioo cheusi, hakuna picha wala madoido. Unaandika namba, unabonyeza, risiti inatoka.

Mteja akitaka badiliko, nyinyi leo mnakaa kwenu mnabadilisha, mnajaribu, ndipo mnampelekea. Mimi? Napanda bodaboda mpaka kwa mteja, nakaa kwenye kompyuta yake mwenyewe, naipasua programu tumbo wazi pale pale huku wanunuzi wananikodolea macho. Nikimaliza naweka nakala kwenye flashi. Na hizo nakala, jamani! Ya kwanza naiita "mpya". Wiki inayofuata "mpya kabisa". Halafu "mpya ya mwisho". Halafu "ya mwisho kweli". Ilifika mahali flashi imejaa "ya mwisho kweli" na hakuna hata moja iliyokuwa ya mwisho.

Siku moja nikachomeka flashi siyo. Programu ya kiwanda cha alizeti nikaiweka kwenye duka la Baba Rose, muuza vifaa vya ujenzi. Kesho yake mtu kanunua saruji, risiti ikatoka imeandikwa: saruji, na chini yake, punguzo la unyevu, lile linalokatwa kwa alizeti isiyokauka! Baba Rose akanipigia simu kwa upole kabisa. "Mama Tumaini, samahani, hivi hii saruji yangu nikaianike kwanza?" Mji mzima ulicheka, na mimi nilicheka kuwashinda wote. Nilisimulia kisa hicho kwenye harusi, kwenye misiba, mpaka mchungaji akakijua. Nikabadilisha flashi, nikaendelea vilevile.

Mnaona tabia yangu? Utani mwingi. Utani umenisaidia maishani, mume nilimpata kwa utani. Lakini kuna mambo niliyafunika kwa utani ambayo yalitakiwa kufunuliwa.

Aliyenifundisha kazi Arusha alikuwa Bwana Kileo, mtu wa Moshi, shati jeupe kila siku na kalamu mbili mfukoni. Kompyuta ya shirika ilikuwa inajaza chumba kizima, na kila mtu alikuwa na zamu yake. Ukikosea, unasubiri zamu nyingine. Kwa hiyo Bwana Kileo alikuwa mwangalifu kupita kiasi, na alikuwa na usemi wake: "Kinachofanya kazi msikiguse, mpaka mjue kwa nini kinafanya kazi." Alikuwa anausema huku akigonga meza kwa kalamu. Sentensi yenyewe ndefu, mimi nikabeba nusu. Nilikuja Babati na "kinachofanya kazi msikiguse", ile nusu nyingine nikaiacha Arusha.

Mnajua ndani ya programu tunaweza kuandika maneno ambayo kompyuta yenyewe inayaruka. Ni ya binadamu, kumkumbusha atakayekuja kwamba mstari huu uko hapa kwa sababu fulani. Mimi nilikuwa naandika neno moja tu, kwa herufi kubwa: USIGUSE. Nikipata shida, nikahangaika, nikabahatisha kitu kikakubali, naweka USIGUSE, nafunga, naenda kunywa chai. Sababu nilikuwa siandiki. Nani angesoma zaidi yangu? Na mimi si ningekumbuka? Thubutu!

Sasa programu ya Mzee Amsi ilikuwa na tabia moja. Mkulima analeta alizeti, gunia linapanda mizani, Elia, karani wa mizani, anaingiza uzito, anabonyeza. Kisha kimya. Kioo kinatulia, kila mtu anatulia, ndipo risiti inatoka, ndipo gunia linalofuata linapanda. Kila gunia hivyo hivyo. Elia alikuwa akiwaambia watu, "Subirini, kompyuta inafikiri."

Siku moja Mzee Amsi aliionyesha kompyuta akaniuliza mbele ya wakulima, "Mama Tumaini, huyu mtu wako mbona mzito hivi?" Nilikuwa sijui. Ningeweza kusema, "Sijui mzee, ngoja nikaangalie." Ni maneno machache tu hayo. Lakini watu wamesimama pale wananitazama, mimi ndiye mama wa kompyuta, mdomo ukafunguka wenyewe: "Inahakiki, mzee. Afadhali ikawie kuliko ikosee." Wakatikisa vichwa, wakaridhika. Niliitunga pale pale nimesimama. Na cha ajabu, nilivyozidi kuirudia kwa miaka, hata mimi nikaiamini.

Upendo alikuja ofisini kwangu akitokea chuo Dodoma. Binti wa Singida, mpole wa sauti, mbishi wa moyo. Kabla hata hajazoea meza yake akaniambia, "Mama, kuna namna ya kutunza programu zote sehemu moja. Kila ukibadilisha mstari unaandika sababu, na ukikosea unarudi ulikotoka. Flashi hatutazihitaji tena." Wenzetu sehemu nyingine walikuwa wakifanya hivyo zamani. Nilikuwa nimeshasikia habari hizo kwenye semina, nikala chakula cha mchana, nikarudi nyumbani.

Nikamwambia, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Akajaribu tena baada ya muda, nikamwambia, "Kipya kinyemi, ingawa kidonda." Nilikuwa na methali za kutosha kumzuia mwaka mzima, na kweli nilimzuia.

Siku tuliyokwenda naye Bonga, aliifungua programu ya Mzee Amsi akakutana na ile USIGUSE. Akaniuliza kwa adabu zake, "Mama, mstari huu kwa nini tusiuguse?"

Nikamjibu kwa sauti, ili Mzee Amsi na Elia wasikie, "Kwa sababu nimeandika usiguse! Au chuoni hawakuwafundisha kusoma?"

Walicheka mpaka Elia akashika mizani asianguke. Upendo hakucheka. Alifunga mkoba wake taratibu, akakaa pembeni mpaka tunaondoka. Haikuchukua muda akaniaga, akaenda kuanza ofisi yake. Niliwaambia watu vijana wa siku hizi hawana uvumilivu. Leo nikikumbuka uso wake pale kwenye kiti natamani ardhi inimeze.

Lakini hilo bado si kubwa. Kubwa ni la Mama Glory.

Mama Glory ni mkulima wa Sigino. Ni wa watu wetu wa kutoka juu, Mbulu, mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa. Mwaka uleule Upendo alioniaga, alikodi mkokoteni wa punda kuleta alizeti yake kiwandani. Mlima Kwaraa ulikuwa umevaa kofia ya wingu tangu asubuhi, na ninyi mnajua Kwaraa ikivaa kofia. Foleni imefika barabarani. Mtu akikaribia mizani anatoa turubai, kwa sababu magunia yanashushwa, kwa hiyo wa mbele wote alizeti yao iko wazi. Mama Glory alikuwa wa mbele. Kila gunia la aliyemtangulia linapanda, Elia anabonyeza, kimya.

"Elia baba, fanya haraka," akaita. "Mvua hiyo!"

"Kompyuta inafikiri, mama."

Mimi nilikuwa barazani na Mzee Amsi, kikombe cha chai ya maziwa mkononi. Nikapaza sauti, "Mama Glory, kompyuta haina nguo za kuanua! Haijui mvua!"

Watu wakacheka. Mama Glory naye akacheka, maana ni mtu wa heshima, na mimi ndiye mwenye kompyuta. Kisha mvua ikashuka, na haikuwa manyunyu. Alijaribu kurudisha turubai upepo ukamnyang'anya. Kiwanda hakipokei alizeti iliyoloa, hilo hata mtoto anajua. Aligeuza punda akarudi Sigino na mzigo wake unachuruzika. Ilivunda, nikaja kusikia kwamba aliwamwagia kuku. Na Glory, aliyekuwa amechaguliwa kidato cha tano, akachelewa kuripoti shuleni, kwa sababu alizeti ile ndiyo ilikuwa godoro lake, sanduku lake na sare zake. Nilisikitika kama mnavyosikitika mkisikia habari za mvua. Nikasema ni mipango ya Mungu.

Miaka ikapita. Nikastaafu, wateja wangu mmoja mmoja wakahamia kwa Upendo, isipokuwa Mzee Amsi. Mwaka huu, kabla ya msimu wa alizeti, nikiwa nachambua maharage uani, nikasikia hodi. Upendo. Amenenepa kidogo, ana mtoto sasa, anaitwa Mama Ebeneza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, vuta kigoda."

Alivuta kigoda, akaanza kuchambua maharage pamoja nami bila kuulizwa. Aibu yangu ilianzia hapo. Mtu uliyemcheka mbele za watu anakaa kwenye kigoda chako anakuchambulia maharage.

"Mama, nina shida ya Bonga," akasema. "Kompyuta ya Mzee Amsi inakufa. Inawaka ikitaka, na ikiwaka inalia. Vifaa vyake havipatikani tena, nimetafuta mpaka Arusha. Na programu yako haikubali kompyuta nyingine za leo. Ikizima katikati ya msimu, alizeti ya watu imo ndani ya ghala na hakuna anayejua ni ya nani."

"Si umwekee ya kwako?"

"Nimemwambia. Anasema Mama Tumaini alisema usiache mbachao."

Nikainamia maharage. Nilichambua hata yaliyokwisha kuchambuliwa. Akaongeza, "Nimemwomba mara nyingi, mama. Mimi hanisikii. Wewe atakusikia."

Kesho yake tukachukua bajaji mpaka Bonga. Mzee Amsi alinipokea kwa furaha kweli, akaagiza chai, akapangusa kiti kwa leso yake. Nikamwambia nilichokuja kusema: mzee, ile programu imezeeka, mwache Upendo akuwekee mpya.

Akanitazama, akamtazama Upendo, akanirudia. "Huyu binti amekupa nini?"

"Hajanipa kitu, mzee."

"Imezeeka! Hata mimi nimezeeka, mbona hamniondoi?" Elia akacheka kule kwenye mizani. "Mama Tumaini, ni wewe ulikaa kwenye kiti hichohicho ukaniambia kipya kinyemi ingawa kidonda. Ni wewe uliniambia hawa vijana wanajifunzia kazi kwenye mali za watu. Ni wewe uliniambia programu yangu inahakiki, ndiyo maana inakawia. Nimewaambia hivyo wakulima wangu mpaka leo. Sasa leo nikawaambie nini? Kwamba ulikuwa unanitania?"

Kila sentensi ilikuwa yangu, ameitunza vizuri kuliko nilivyoitunza mimi. Nikasema, "Ngoja nikuonyeshe mwenyewe."

Nikakaa kwenye ile kompyuta. Kweli ilikuwa inalia, kama mbuzi aliyefungwa vibaya. Nikafungua programu niliyoiandika kwa mikono yangu, na ninawaambieni vijana wangu, nilikuwa kama nasoma barua ya mtu mwingine. Mistari mingine naitambua, mingine hata kuikisia siwezi. Mzee Amsi amevaa miwani, amesimama begani kwangu. Yeye hajui programu, lakini kusoma Kiswahili anajua, na neno lililokuwa kubwa kuliko yote pale lilikuwa moja.

"Hapa umeandika usiguse," akasema. "Mstari huu kazi yake nini?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, mzee. Nilijua zamani. Sasa hivi sijui."

Hata Elia akaacha kupanga magunia.

"Basi ufute," akasema Mzee Amsi. "Si wewe mwenye mali? Ufute tuone."

Kidole nilikiweka kwenye kitufe. Kikakataa, wallahi kikakataa, na mimi Mlutheri. Nikafikiria magunia ya watu, nikafikiria ile kompyuta inavyolia, nikawaza je, kama mstari huu ndio unaoshikilia nyumba nzima? Nikarudisha mkono mapajani.

"Unaogopa," akasema. Hakuwa anauliza.

"Naogopa, mzee."

Akavua miwani, akaikunja. "Ulichokitengeneza mwenyewe unakiogopa. Na mimi ndicho nilichokalia miaka yote hii, nikijua niko salama." Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejitetea, nina ulimi. Alisema kama mtu anayesikitikia mtu wake, na mimi machozi yakanilenga pale mbele ya wote.

Upendo ndiye aliyeniokoa. "Hatufuti humu, mama," akasema. "Tunachukua nakala kwenye laptopu, nina namna ya kuiendesha kule kwa majaribio. Tunafuta kule. Tukikosea, ya huku iko vilevile." Kumbukeni, huo ndio utaratibu aliokuwa akinisihi tangu siku ya kwanza. Akahamisha, akafungua, akafuta ule mstari. Akaingiza uzito wa gunia la uongo, akabonyeza.

Risiti ikatokea pale pale kwenye kioo. Hakuna kimya, hakuna kufikiri. Akabonyeza tena, ikatokea. Akamwita Elia naye abonyeze, ikatokea, na Elia akaangalia nyuma ya laptopu kana kwamba kuna mtu kajificha.

"Imeharibika nini?" akauliza Mzee Amsi.

"Hakuna kilichoharibika," Upendo akajibu, akiwa bado anasoma. "Huu mstari unaiambia programu isubiri printa imalize karatasi. Ila printa yenyewe ni ile ya aina ya zamani, ya pini, yenye karatasi za matundu pembeni."

Hapo nikakumbuka. Ee Mungu, kila kitu kilirudi. Ile printa ilikuwa inapiga kelele kama cherehani, na ukiiletea risiti ya pili kabla haijamaliza ya kwanza inachanganya maandishi moja juu ya lingine. Nilihangaika nayo siku nzima, mwisho nikaweka mstari wa kuifanya programu isubiri kidogo, ikakubali. Nikaandika USIGUSE.

"Ile printa?" Elia akasema. "Si waliichukua wa vyuma chakavu? Hii ya sasa aliileta fundi mwingine, mbona muda mrefu, hata kabla Upendo hajaanza kuja huku. Hii haina shida hizo."

Kwa hiyo hivyo ndivyo ilivyokuwa. Msimu kwa msimu, wakulima wa Bonga, Sigino na wapi na wapi, wamesimama kwenye jua na kwenye mvua, gunia baada ya gunia, wanaisubiri printa iliyokwisha kuyeyushwa ikawa nondo. Na mimi barazani na chai nikiwaambia inahakiki. Upendo aliuliza swali sahihi siku ile, la kitoto kabisa, kwa nini tusiguse, na jibu lilikuwa mbali na mimi kwa kazi ya asubuhi moja. Nilichagua kuchekesha.

Mzee Amsi hakunilaumu tena. Alimwambia Upendo, "Anza kesho." Kisha akanimiminia chai, nikashindwa kuinywa.

Wiki zile nilikwenda kwa Upendo kila siku. Alikuwa ananiuliza, mama, hapa ulikusudia nini, na mimi nikijua namwambia, nisipojua nasema sijui. Mwanzoni neno hilo nilikuwa nalitoa kwa sauti ya chini. Yeye analiandika tu, "Mama hajui, tujaribu," anaendelea. Akiandika sababu ya kila badiliko ananisomea. Nimejifunza kile chombo chake uzeeni, na si kigumu. Kimenichukua muda mfupi kuliko muda niliotumia kukikataa.

Siku msimu ulipofunguliwa Mzee Amsi alinialika. Nilitaka kukataa, nikaona huko nako ni kujificha. Foleni ilikuwa inatembea kama watu wanaingia kanisani. Gunia linapanda, Elia anabonyeza, ujumbe unaingia kwenye simu ya mkulima, gunia linashuka. Nikiwa nimesimama pembeni nikamwona Mama Glory. Nywele zimeingia mvi kama zangu. Gunia lake la mwisho likapimwa, likashuka, lakini yeye akabaki amesimama pale pale kwenye mizani.

"Umemaliza, mama," Elia akamwambia.

"Nasubiri kompyuta ifikiri."

"Haifikiri siku hizi. Angalia simu yako."

Akaangalia simu. Akaangalia mizani. Akageuka akaniona, akaja mpaka nilipo, akanipa mkono. "Mama Tumaini, ahsante sana kwa kompyuta mpya. Mungu akubariki. Ya zamani ilikuwa inatuua."

Nikamwonyesha Upendo kwa kidole. "Mpya ni ya yule pale. Mimi ni ile ya zamani. Na ile haikuwa inafikiri, Mama Glory. Ilikuwa inasubiri printa ambayo haipo, kwa sababu nilisahau kuitoa."

Akacheka. Akanipiga bega kabisa. "Mama Tumaini na utani wako!"

Ningeweza kumwacha acheke, vijana. Njia ilikuwa nyeupe, hata yeye mwenyewe alikuwa amenifungulia. Watu wawili watatu karibu yetu nao walikuwa wameanza kutabasamu, wakisubiri nimalizie kichekesho.

Nikarudia yote tangu mwanzo, neno kwa neno, bila kutabasamu. Nikamwambia na ile siku ya mvua hakuhitaji kusubiri. Nikamwambia niliulizwa habari ya ule mstari nikamcheka aliyeniuliza.

Mama Glory akaacha kucheka. Akautazama uso wangu muda mrefu kuona kama utani utachomoza mahali.

"Kumbe," akasema.

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Hakusema si kitu, wala hakusema amenisamehe. Alitazama upande wa Kwaraa, ambako siku hiyo hakukuwa na wingu. Kisha akainama kwenye magunia yake matupu yaliyokuwa yametupwa chini baada ya alizeti kumiminwa ghalani, akachukua moja, akanyoosha ncha moja kunielekezea.

"Shika huko," akasema. "Tuyakunje, punda wa watu anangoja."

Nikashika.